Tulibanika Nyama ya Harusi Bila Kumjua Bwana Harusi

Kamwene, wasomaji wenzangu.

Naitwa Faraja. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu hapa Njombe. Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniita nasimama, jibu ninalo kichwani, lakini mdomo unagoma... Nabaki naangalia dawati mpaka aseme kaa chini. Ndiyo maana naandika. Haya ninayowaandikia sijamwambia mtu kwa mdomo, hata rafiki ninayekaa naye dawati moja.

Naomba mnisamehe kama hamtaona machozi humu. Siyo kwamba siumii. Ni kwamba tangu siku ile nimekuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi na daktari wa meno. Najigusa, najua ni mimi, lakini sisikii kitu.

Tunaishi wawili, mimi na mama, upande wa barabara ya kwenda Uwemba. Baba alikuwa mtu wa mbao. Alikuwa akienda Ludewa, anakaa porini na wenzake wakipasua magogo, halafu anarudi na gunia la viazi na stori nyingi. Hivyo ndivyo tulivyojua sisi. Mwanzoni hakai sana, anarudi. Baadaye akawa anarudi sikukuu kwa sikukuu. Baadaye ikawa simu tu.

Mama yangu anabanika nyama kwa moshi. Nyuma ya nyumba tuna pipa, yale mapipa ya mafuta. Fundi alilitoboa mlango ubavuni, akaweka nyavu za chuma ndani, na juu akachomeka bomba la kutolea moshi. Basi. Pipa moja dogo, limeegemea choo cha zamani, lina bati juu yake kwa ajili ya mvua. Nyama ya nguruwe ikiingia humo asubuhi, jioni inatoka nyekundu kama udongo wa kwetu, na harufu yake inafika barabarani. Mama anauza sokoni, na madereva wa malori wanamwagiza.

Shuleni wananiita Kambale, kwa sababu sweta langu linanuka moshi hata nilifue vipi. "Kambale, leo umekaushwa upande gani?" Wanacheka. Na mimi nacheka kidogo, ili hamu yao iishe mapema.

Mama hatumii paini. Mgeni anaweza kushangaa, maana mipaini kwetu iko kila mahali na mabanzi yake unaokota bure. Lakini moshi wa paini una utomvu, nyama inakuwa chungu kama dawa ya malaria. Mama anatumia kuni kavu za miti ya miwati kwa moto, na magunzi ya mahindi kwa moshi. Tena magunzi hayo anayaloweka kwenye ulanzi uliochacha, ile pombe ya mianzi ya jana ambayo hainywiki tena. Sijaona mwingine anayefanya hivyo.

Ilianza kwa bahati mbaya. Nilipokuwa mdogo baba alirudi amelewa, akapiga teke ndoo ya ulanzi, ikamwagikia magunzi yote. Mama alinuna, akayatia motoni hivyo hivyo yakiwa yamelowa. Ile nyama ilivyotoka... Baba alikula, akachukua kipande kingine, akala tena. Akasema, "Mama Faraja, hii usimfundishe mtu." Mama hakumfundisha mtu.

Sasa niwaeleze na jambo la kanisani, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mama alikuwa anajiua na lile pipa.

Baba na mama hawakufunga ndoa. Baba alipeleka mahari, jembe na blanketi la babu, wazee wakala, wakanywa, mama akahama kwao. Kwa ukoo yameisha. Lakini sisi ni Walutheri, na kwenye usharika wetu wanaoishi hivyo wanawekwa pembeni mpaka wabariki ndoa. Unaruhusiwa kusali, kuimba, kutoa sadaka. Meza ya Bwana, hapana.

Kwa hiyo tangu nipate akili, Jumapili ya Chakula cha Bwana ikifika, watu wanasimama benchi kwa benchi, na mama anasogeza magoti pembeni ili wapite. Anabaki amekaa. Mimi nabaki naye. Benchi zima sisi wawili! Watoto wadogo wanageuka kutuangalia. Mnaijua hali hiyo? Mama mtu mzima, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, anaangalia viatu vyake mpaka wenzake warudi...

"Tutabariki," baba alikuwa anasema. Tukivuna. Tukimaliza kupaua. Mbao zikipata bei. Mwakani.

Mwinjilisti wetu alishamwambia mama mara nyingi, "Mama Faraja, mje wote wawili. Ni kazi ya siku moja tu." Wote wawili! Huyo wa pili angemtoa wapi?

Basi mama akaamua atafute gharama mwenyewe. Gauni, pete, soda na chakula cha wazee. Alisema baba akikosa kisingizio cha gharama, atakuja tu. Hicho ndicho mama yangu alichokitaka duniani, wasomaji. Si gari, si nyumba ya ghorofa. Kusimama kwenye mstari ule na wenzake.

Likizo ya Juni, baridi imeshika mpaka maji ya bomba yanauma meno, alikuja Shangazi Edina. Si shangazi yetu sisi, ni shangazi wa bibi harusi. Ni mama mmoja mnene wa Makambako, mcheshi, ambaye alishawahi kununua nyama kwa mama sokoni. Akasema binti wa kaka yake anaolewa huko Makambako, na yeye ndiye kamati ya chakula. Anataka nyama ya moshi ya ukumbi mzima. Nguruwe wanne!

Mama akaliangalia pipa. Mimi nikaliangalia. Shangazi Edina naye akaliangalia, akaangua kicheko. "Hili? Mama Faraja, hili si pipa, hili ni sufuria lenye kofia!"

"Litatosha," mama akasema. "Pipa ni kama tumbo la mtoto mchanga. Unalilisha kidogo kidogo, halitaki pupa."

Mama akamuuliza bwana harusi ni mtu wa wapi. Kwa adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani.

"Mtu wa mbao, wa huko Ludewa. Sisi tunamwita Bosi. Ametulia huyo! Hana makuu, hana mke, hana mtoto hata wa kusingiziwa. Jumapili utamkuta kanisani benchi la mbele."

"Mungu ambariki," mama akajibu. "Wanaume wa hivyo wamebaki wachache."

Alisema hivyo mbele yangu, kwa kinywa chake. Mtauliza hatukushtuka kusikia mtu wa mbao wa Ludewa? Wasomaji, huku kwetu kila nyumba ina mtu wa mbao. Ni sawa na kuambiwa bwana harusi ana miguu miwili.

Tukaanza kazi.

Nguruwe wanne kwenye pipa dogo si mchezo. Ukijaza nyama zikagusana, moshi haupiti, zinachemka badala ya kukauka, zinakuwa kama zimetoka kwenye supu. Mama alikata minofu mirefu, akaitia chumvi na tangawizi kwenye ndoo, tukawa tunaingiza kwa zamu. Minene chini karibu na moto, myembamba juu. Ya chini ikipata rangi inapanda juu, ya juu inatoka, mbichi inaingia. Siku nzima ni kupandisha na kushusha. Iliyoiva tunaining'iniza chumba cha stoo, kwenye kamba, dirisha wazi, na baridi ya Njombe ndiyo friji yetu.

Mikono yangu ilikuwa inanuka hata nikila chungwa. Macho yalivimba. Mama alikuwa anaimba nyimbo za kwaya katikati ya moshi, mimi nikikohoa.

Mabaya yakaanza kufuatana. Upepo uliingia mlangoni mwa pipa, mafuta yanayodondoka yakashika moto, na nyavu mbili za nyama zikawa mkaa! Mama aliingiza mkono kuokoa zilizobaki. Ukaungua kuanzia vidole mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia twende zahanati. Akaufunga kwa kanga yenye maji akasema, "Geuza zile za juu."

Halafu kitako cha pipa kikatoboka kwa kutu. Moto ukamwagika chini. Tukaziba kwa udongo na kipande cha bati, tukaendelea.

Mama akampigia baba aje atusaidie. Namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Kesho yake ukaja ujumbe: "Niko porini mtandao shida. Nawapenda. Msalimie Faraja." Mama alinisomea kwa sauti, huku mkono uliofungwa kanga ameuinua juu ili usigongwe na kitu. Alitabasamu. Alifuta simu kwa gauni lake, kwa sababu ilikuwa na masizi, akaiweka kifuani.

Jirani yetu alipopita kuazima chumvi akamtania, "Mama Faraja, unawabanikia wenzio nyama za ndoa, ya kwako lini?"

"Hii ndiyo inayoleta ya kwangu," mama akajibu. Wakacheka wote wawili.

Siku ya harusi tulipakia nyama kwenye kigari cha kirikuu, tukapakia na pipa lenyewe kwa ajili ya kupashia moto. Mama alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma na pipa, nimelikumbatia lisianguke. Njia nzima ukungu, mashamba ya parachichi, mipaini, ukungu tena.

Makambako kuna upepo, asikwambie mtu. Tukalisimamisha pipa nyuma ya ukumbi, tukaliwekea mabati ya kukinga. Wao walikuwa kanisani. Sisi wapishi hatukwenda kanisani, nani angebaki na moto? Mchana tukasikia honi za magari na matarumbeta, maharusi wanaingia kwa mlango wa mbele. Mama aliacha uma wake mrefu wa kugeuzia nyama, akaweka mkono wake usioungua mdomoni, akapiga vigelegele. Nyuma ya ukumbi, peke yake, karibu na pipa. Kwa sauti yake ya kwaya!

Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kwenye daftari langu nikaikata. Leo naiacha.

Muda wa chakula Shangazi Edina alikuja mbio, gauni limemkaba, jasho linamtoka. Waliotakiwa kuhudumia meza kuu walikuwa hawaonekani.

"We binti, shika sinia hili, meza kuu. Usije ukanidondoshea!"

"Shangazi, mimi naona aibu..."

"Aibu ya nini? Wanakula nyama, hawakuli wewe!"

Nikaenda. Mimi nikiwa na aibu natembea nikiangalia chini, kwa hiyo ukumbi ule siujui ulivyopambwa. Najua zulia lilikuwa jekundu. Najua viatu vya bibi harusi vilikuwa vyeupe na vilikuwa vinambana, alikuwa amevivua kisigino. Nikaweka sinia mezani, nikasubiri wanawe mikono kwenye beseni lililokuwa pale; wakaanza kula, na mimi nikalishika beseni niondoke.

Nikasikia mtu ameacha kutafuna.

Sijui kama mnanielewa. Kwenye kelele zote zile, nilisikia mtu mmoja mbele yangu ameacha kutafuna. Nikainua macho.

Alikuwa baba.

Amenyolewa vizuri, ana suti ya bluu, ana ua kifuani. Mdomo umejaa. Kwanza hakuniangalia mimi. Aliangalia ile nyama mkononi mwake, akaipeleka puani kidogo, akaishusha. Ndipo akainua macho polepole, aone nani ameileta.

"Vipi, mume wangu, ya moto?" bibi harusi akamuuliza.

Akameza. "Hapana. Tamu."

Bibi harusi alinigeukia, akanitabasamia. Nasema ukweli, alikuwa na sura nzuri ya upole. "Asante mdogo wangu. Wewe ni wa kwa nani?"

Nikamwangalia baba. Nilikuwa namsubiri ajibu yeye. Si yeye ndiye mwenye jibu? Angesema lolote. Angesema ni mtoto wa ndugu yangu, ningekubali! Ningeitikia kwa kichwa, nikaondoka.

Baba akachukua kitambaa, akafuta midomo.

"Hawa si wapishi tu? Mwache akaendelee na kazi."

Nikaondoka. Sikulia. Nilishika beseni vizuri, maji yasimwagike kwenye lile zulia lao. Mnaweza kuamini? Baba yangu amenikana mbele ya macho yangu, na mimi nawaza maji yasimwagike.

Nje mama alikuwa anageuza zilizobaki. "Wamesifu?" akaniuliza. Mdomo wangu ukagoma, kama darasani. Nikaitikia kwa kichwa.

Nilitaka kumwambia tukusanye vyombo twende. Nilikuwa naitafuta sentensi. Sentensi inaanzaje? Mama, bwana harusi... Mama, unakumbuka... Kabla sijaipata, nikasikia spika za ndani zinaita: "Jamani nyama hii! Wapishi wa nyama hii wako wapi? Tunawataka mbele, tuwaone, tuwatunze!"

Wenzangu mnajua harusi zetu. Wapishi wanaitwa, wanaingia wanacheza, watu wanawabandika noti, wanafika kwa maharusi wanawapa mkono. Mama alifurahi! Alinawa uso kwenye ndoo. Akafungua mfuko, akatoa kitenge chake kizuri, akajifunga juu ya gauni la moshi.

Nikamshika kile kitenge. "Mama, tusiingie."

"Faraja, acha aibu zako."

"Mama..."

"Miaka yote unajificha mgongoni kwangu, nimekuacha. Leo niache na mimi nionekane."

"Mama, baba yumo."

Nilisema. Naapa nilisema. Lakini hamjawahi kuisikia sauti yangu, wasomaji. Ni ndogo hata chumbani. Na muziki ulikuwa umeshafunguliwa mpaka mwisho. Mama aliniona midomo inacheza, akadhani nalalamika kama kawaida yangu. Akanipigapiga shavu kwa mkono ule mzima, akaingia.

Nilisimama mlangoni. Nilimwona anacheza, uma wake wa nyama juu, mkono uliofungwa kanga juu, watu wanapiga makofi, wanamfuata na noti. Aliucheza wimbo ule kwa mabega. Sikuwahi kumwona mama anacheza hivyo. Alikwenda hivyo hivyo mpaka mbele ya meza kuu, akapiga goti kidogo kama desturi, akainua kichwa ili atoe mkono.

Mabega yakasimama.

Msema chochote, yule aliyetuita kwenye spika, hakuelewa kitu, si alikuwa kazini? Akapunguza muziki, akamsogezea kipaza sauti. "Mama yetu wa nyama, wape maharusi neno moja!"

Ukumbi ukageuka kumsikiliza. Baba alikuwa anaangalia sahani. Mama alibaki pale na goti moja chini. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani ataanguka. Alimwangalia tu, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani ambacho maandishi yake yamefutika.

Halafu akasema, kwenye kipaza sauti, kwa heshima zote, kama anavyomwita kila siku:

"Hongera, Baba Faraja."

Akamgeukia bibi harusi. "Hongera na wewe, mwanangu."

Akainuka, akatoka. Nyuma yake nilisikia bibi harusi anauliza, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, mara ya pili kwa sauti kubwa, "Baba nani? Baba nani?" Na sauti ya baba ikimwambia msema chochote, "Weka muziki. Weka muziki, bwana!"

Shangazi Edina alitufuata nje, amejishika kichwa, analia. "Mama Faraja, Mungu wangu, sikujua!"

"Najua hukujua," mama akamwambia. Akafungua mlango wa pipa. "Bado kuna meza za nyuma hazijapata."

Tulimaliza kazi, wasomaji. Tuliwalisha wote mpaka wapiga matarumbeta. Mama aligeuza, mimi nikapanga kwenye masinia. Kuna wakati bibi harusi alikuja nyuma na shela lake mkononi. Hakumwendea mama, alinijia mimi. Akaniuliza kama ni kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia. Akakaa juu ya kreti la soda na gauni lake jeupe, kwenye masizi, akabaki hapo mpaka ndugu zake walipokuja kumwinua. Lakini alirudi ndani. Alishaapa kanisani asubuhi ile, angekwenda wapi?

Baadaye ndipo tulipojua jinsi alivyofanya. Matangazo ya ndoa yalisomwa Makambako, kwa bibi harusi, na yakasomwa huko Ludewa alikojiandikisha kuwa anasali. Mtu yeyote mwenye kizuizi aseme. Sisi wa Njombe nani angetusomea? Na hakudanganya kwenye karatasi! Aliulizwa kama amewahi kufunga ndoa, akasema hajawahi. Ni kweli, hajawahi. Kila "mwakani" aliyompa mama ilikuwa inamlinda yeye.

Alipiga simu mara moja. Mama aliweka sauti ya juu nisikie. Baba alisema tusimharibie, kwamba atakuwa anatuma matumizi, na kwamba mama ni mtu mzima, anaelewa. Mama akamwuliza swali moja: "Kwa nini na huyu mlikwenda kanisani wote wawili?" Simu ikakatika, sijui ni mtandao, sijui ni yeye.

Wiki zikapita, mzee wa kanisa akaja nyumbani na mwinjilisti. Walikaa, wakanywa chai, wakatupa pole sana. Ndipo mwinjilisti akasema kwa upole, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa sasa mama hana mume. Kwa hiyo kile kizuizi kimeondoka. Akitubu mbele ya usharika kwa kuishi bila ndoa, anaweza kurudi kundini. Meza ya Bwana iko wazi.

Hebu fikirini. Kitu alichokitafuta miaka yote ile na masizi yake, amekipata kwa kuachwa! Na anayesimama mbele za watu kutubu ni yeye. Baba alishamaliza yake huko Makambako, kama kijana asiye na familia.

Nilidhani mama atakataa. Mimi ningekataa. Mama alikubali.

Jumapili ile alisimama mbele, gauni la kijivu, mkono wenye kovu umeushika ule mwingine. Akaulizwa kama anatubu. Akasema ndiyo. Watu wakaimba. Halafu benchi kwa benchi wakasimama, na mama akasimama nao, akaingia kwenye mstari. Mimi bado sijapata kipaimara, nikabaki peke yangu kwenye benchi. Nilimwona anapiga magoti, anapokea, anainuka. Wenzake wa kwaya walikuwa wanalia kwa furaha.

Aliporudi kukaa nilimnong'oneza, "Mama, unajisikiaje?"

Alifikiri. "Nilidhani nitasikia kitu," akasema. "Nimesikia baridi ya sakafu kwenye magoti."

Hiyo ndiyo habari yangu. Mama bado anabanika, tulibadilisha kitako cha pipa. Shule imefunguliwa, habari zilifika hata huko, na siku hizi hawaniiti tena Kambale. Wananionea huruma. Afadhali wangeendelea kuniita Kambale. Watu wananiuliza kama nimemsamehe baba. Sijui niwajibu nini. Mguu ukiwa umekufa ganzi huwezi kujua umejikwaa kiasi gani, unasubiri tu damu irudi.

Mama zangu mnaosoma, mna watoto wapole kama mimi. Siku mtoto wa hivyo akikushika nguo akakwambia usiingie mahali, usimwambie aache aibu. Zima muziki. Mwinamie usikie anasema nini.

Na ninyi dada zangu mliopelekewa jembe na blanketi, mkahama na mabegi yenu, mkawa mnaitwa mama fulani mtaa mzima... nawasihi, msikae kama mama alivyokaa! Usihangaike na gauni, usihangaike na pete, usijiunguze mkono kutafuta chakula cha wazee. Akikwambia tutabariki mwakani, mwambie akusindikize kwa mchungaji Jumapili hii hii, na nguo zenu hizo hizo za kila siku. Halafu kaa kimya, umwangalie. Asipovaa viatu, ameshakujibu.